Doa la Ukutani katika Chumba cha Musoki

Mama Mshauri mpendwa,

Uniwie radhi kwa kukuchosha na maneno ya mzee. Naomba msaada wako, kwa maana jambo lililonifika sikufundishwa na mapadri walionilea, wala mke wangu Monique, ambaye angenijibu kwa neno moja, hayupo tena.

Ninakaa hapa mtaa wa Rwambuzi, huku Ituri, na uani mwangu kuna chumba nilichompangisha Musoki, mfanyabiashara aliyetoka Butembo kuuza vitenge, mwenye adabu na mzaha, ambaye kila mvua iliponyesha alinigongea dirisha na kusema, “Muzee, ile mabati yako inaniogesha tena. Leta basi na sabuni,” nami nilicheka, nikamwahidi fundi, kisha maradhi ya Monique yakachukua akili yangu yote, na baadaye kaburi lake. Mwaka jana wezi walimvamia Musoki wakidhani anaficha dhahabu ya machimbo ya Bambu, wakamuua mlangoni, mimi nikiwa kwenye misa ya asubuhi, na hata leo hawajakamatwa. Damu yake ilimwagika kizingitini, na mimi na jirani yangu Kule tuliiosha siku ileile, kabla watu hawajafika kwenye matanga.

Baada ya mazishi watu walianza kuja, kwanza wa mtaa huu, kisha vijana wenye simu, kisha hata wageni waliotoka Iga Barrière, wote wakiomba kuona “pale”. Mtoto wa mdogo wangu, Fiacre, akajifanya kiongozi wao, akawa anawasimamisha mbele ya ukuta wa ndani wenye doa kubwa jekundu, akiwanong'oneza habari za dhahabu, nao wakipiga picha, wengine wakitabasamu bila kujua kwamba wanatabasamu. Lile doa, Mama, ni maji ya mvua yaliyopita kwenye kutu ya mabati. Nililijua hilo tangu mwanzo na nikanyamaza, kwa sababu, naona haya kuliandika, tangu Monique aondoke hakuna aliyebisha mlango wangu, na wageni wale walipokwisha kutazama walikaa nami, wakanywa chai, wakaniita Papa, wakaniuliza habari za zamani, hata nikaanza kuwasubiri na kuchemsha maji mapema.

Nilipomwambia Fiacre kwamba sasa inatosha, alinijibu, “Baba mukubwa, ukifunga ile chumba, watu watamusahau, na wale wauaji watalala muzuri. Wacha waone.” Niliona kuna ukweli ndani ya maneno yake.

Basi juzi mama yake Musoki, Mama Dorothée, alinipigia simu kutoka Butembo. Picha ya ukuta, aliyoisambaza Fiacre kwenye simu, ilikuwa imemfikia. Anakuja wiki ijayo kumaliza matanga, na alisema polepole, kama mtu aliyekwisha kulia: “Papa Zacharie, musiguse ule ukuta. Nitaosha damu ya mutoto wangu na mikono yangu.” Nikajibu, ndiyo, Mama.

Ziara zitakoma, juu ya hilo nimekwisha kukata shauri wala siombi ruhusa. Ila sijui nimfanyie nini mama huyu, kwa kuwa nikimwambia kwamba doa ni kutu, nitakuwa nimemnyang'anya kitu pekee anachodhani kimebaki cha mwanawe, na kumwaibisha Fiacre, na kujiaibisha mwenyewe, lakini nikinyamaza, atainama mbele yangu na kuosha maji ya mvua kwa machozi yake. Fundi rangi yuko tayari kupaka chokaa kabla hajafika. Je, nipake, niseme nilisahau alichoniomba?

Unisamehe kwa urefu wa barua hii.

Wako kwa heshima,
Papa Zacharie, Rwambuzi

*

Papa Zacharie,

Pole kwa Mama Monique, na pole kwa Musoki. Umeomba radhi kwa mambo mengi yasiyohitaji radhi, na lile linalohitaji umetaka kulipaka chokaa. Usipake. Huo utakuwa uongo wa pili, na safari hii hutakuwa na Fiacre wa kumtwika.

Mpigie simu Mama Dorothée leo, kabla hajapanda gari, asije akausikia ukweli ndoo ikiwa mkononi. Unaogopa kumnyang'anya kitu. Papa, mama huyu analala na ile picha, akiamini kwamba mlimwacha mwanawe ukutani ili atazamwe. Mwambie kwamba damu ilioshwa siku ileile, na kwamba aliyeiosha ni wewe, pamoja na Kule. Hicho hana, na hakuna mwingine wa kumpa. Kisha mwombe msamaha kwa kunyamaza kwako, kwa sentensi moja, wala si kumi.

Mwite Fiacre. Muulize, kati ya wote aliowaleta, nani anajua Musoki alivyokuwa akitania? Wameondoka wakikumbuka dhahabu ambayo hakuwa nayo na damu ambayo si yake. Hakuna muuaji aliyekosa usingizi kwa ajili ya picha hizo. Kule kwenye simu alikozisambaza, hukohuko aandike kwamba doa ni la mvua. Na kama kweli anataka haki, amsindikize Mama Dorothée kwenye ofisi ya mashtaka waulize kesi imefikia wapi, na warudi tena wakiambiwa warudi.

Kutaka kuona si dhambi. Nani kati yetu hapa Ituri amepita mbele ya nyumba iliyochomwa bila kugeuza shingo? Mtu anataka kujua mlango ulikuwa upande gani, ili akirudi kwake autazame wa kwake. Lakini sisi tunajua jinsi ya kuingia mahali pa msiba: unavua kofia, unawapa mkono wafiwa, unakaa, unanyamaza, hata kama marehemu hukumjua. Atakayekuja kesho, mpe kiti uani. Akikaa, mweleze Musoki alikuwa nani. Akiuliza tu ukuta uko wapi, msindikize hadi barabarani.

Na ile chai usiionee haya. Ila wale hawakuja kwako, Papa, na wewe ulijua. Kule alishika ndoo pamoja nawe siku ile mbaya kuliko zote. Umemwalika lini? Chemsha maji, umwite.

Mama Dorothée akifika, mwache aingie peke yake kwanza. Akitaka kuosha ukuta hata akijua ni mvua, mpe maji, usimhoji. Kisha mweleze habari ya sabuni, kwa maneno ya Musoki mwenyewe. Atalia, na huenda akacheka. Vyote ni haki yake.

Fundi rangi mwambie asubiri. Tafuta fundi wa mabati, apande juu wiki hii. Katika habari hii yote, hilo ndilo jambo pekee ambalo Musoki mwenyewe alikuomba.