Nguo Zinanyeshewa

Kwa mwanangu Shabani,

Assalaam aleikum. Bibi yako, mama wa marehemu baba yako, anakusalimu, na amesema salamu zake zitangulie zangu. Macho hayaoni kitu tena lakini masikio ni mazima, paka akipita juu ya mabati anajua ni paka wa nani. Rehema, mtoto wa dada yako, anakusalimu, ameng'oka meno mawili ya mbele na kila neno analitoa na mluzi. Mama Akinyi, jirani wa ukutani, anakusalimu na anauliza kama huko Nakuru unakula. Nami nauliza hivyo hivyo. Dada yako Zuhura hakusalimu. Nilimwambia nitakuandikia tu kwamba amekusalimu, akasema nikiandika hivyo ataifuta.

Naandika kwa mkono wangu. Gumbaru, kile kisomo cha watu wazima ninakokwenda alasiri, wamenifikisha hapa, kwa hiyo ukiona herufi zimelala usidhani ni ugonjwa.

Unakumbuka baba yako alivyokuja na zile mbao? Ulikuwa darasa la saba. Chumba kimoja, sisi watano, na wewe ulikuwa ukisomea chini ya meza usije ukakanyagwa. Kila jioni akitoka Gikomba kwenye useremala wake alikuja na mbao mbili tatu za makreti ya chai kichwani, mpaka zikatosha. Akajenga kile chumba cha nyuma, urefu wa kitanda na kiti basi. Ruhusa hakuomba, maana jibu alilijua. Alikiita kiraka. "Nyumba imechanika," alisema, "nimeitia kiraka mtoto asome."

Na unakumbuka wakaguzi wa baraza la jiji, wenye nyumba hizi, walivyopita kutazama nani ameongeza ukuta. Sisi wanawake wa laini yetu tulikuwa na neno letu. Wa kwanza kumwona mkaguzi aliita, "Mama Shabani, nguo zinanyeshewa!" hata kama jua linapasua kichwa. Nami badala ya kuanua natoka mbio kuanika, mashuka yote mbele ya kiraka, makavu kabisa. Wewe huko ndani ulicheka mpaka penseli ikakuponyoka. Miaka yote ile hakuna mkaguzi aliyekiona, na laini nzima hakuna aliyesema, hata watoto, hata tuliogombana nao.

Halafu ukaja na kamba ya kupimia. Ulikuwa umeshaajiriwa na hao watu wako wanne wa Nakuru wanaochapa vitabu vya mitaa ya zamani na namna nyumba zilivyojengwa. Nilikuuliza ni nani atanunua kitabu cha Shauri Moyo na sisi wenyewe tunaiona bure. Ukaniambia, "Mama, nyumba za wakubwa zimeandikwa zote. Hizi zikibomolewa, nani atajua tuliishi vipi?" Nilitembea siku ile kama mtu aliyevaa viatu vipya. Nikakueleza kila kitu. Ncha ya kamba nilikushikia mimi mwenyewe, ukapima mlango, ukapima dirisha, ukaenda nyuma ukapima kiraka. Nikauliza, "Na hiki nacho?" Ukasema, "Hiki ndicho kizuri kuliko vyote."

Sikukwambia usiandike. Nani anamwambia mtoto wa nyumba kwamba mambo ya nyumbani hayatoki nje?

Kitabu kilipofika nilikisoma na kidole, wiki nzima. Ukurasa wa arobaini nikaiona nyumba yetu imechorwa, na namba ya mlangoni. Kiraka umekichora kwa nukta nukta, umeandika kimejengwa bila kibali. Chini yake umeandika habari ya mashuka, na lile neno letu umeliandika kama lilivyo. Mwisho umesema mambo haya mliambiwa na mama mmoja wa nyumba hiyo, asiyejua kusoma. Nilirudia nikidhani herufi zimenichanganya. Nikampelekea mwalimu wangu wa gumbaru anisomee. Alisoma, akanirudishia kitabu, akaanza kufuta ubao na ubao ulikuwa mtupu.

Mama mmoja, Shabani.

Jumanne iliyopita mkaguzi alikuja. Jua lilikuwa kali, na kitabu chako alikuwa nacho kwapani. Alisimama mlangoni akasema kwa sauti ya kusikika, "Mama Shabani, nguo zinanyeshewa." Mama Akinyi alikuwa ameketi chini anakata sukuma wiki. Hakutazama ni nani, aliinuka tu akashika shuka kwenye kamba, mazoea. Alipogeuka akamwona, akaliachia, akarudi kuketi polepole kama mgonjwa.

Hakunitukana. Aliniambia kwa adabu kwamba amepita hapa miaka sita na hakuwahi kukiona chumba hicho, akakusifu sana. Akatoa kamba yake akapima, akasema vipimo vyako ni sawasawa mpaka nusu inchi. Kisha akatupa mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Kibomolewe, au tutoe vyombo vyote na nyumba ipewe mwingine. Akaangalia jina kwenye gamba la kitabu. "Huyu si mwanao?" Nikaogopa wasije wakakufuata huko kazini. Nikasema, "Ni bwana mmoja tu, alipita hapa akipima." Lilitoka kwa urahisi, nikaelewa na wewe lilivyokutoka.

Akasema mwandishi akileta barua kwamba alichora nyumba nyingine kwa makosa, yeye faili anaifunga. Ndipo Zuhura akaenda posta kukupigia. Alirudi amebana midomo. Anasema ulimwambia, "Mwambie mama sikukosea. Nikikana ukurasa mmoja, nani ataamini zilizobaki?" Ukamwambia pia kiraka kimeshahifadhiwa, kitabu hakibomolewi. Zuhura anasema alikujibu, "Basi bibi tumlaze ukurasa wa arobaini," akakata simu. Sikumkemea.

Bibi ndiye anayelala mle tangu baba yako afariki, na hajaambiwa kitu. Kitabu anakiweka chini ya mto. Kila alasiri anamwita Zuhura amsomee, na anauliza, "Kwangu pameandikwaje?" Zuhura anafungua popote, anasoma mambo yasiyokuwamo. Ati chumba ni kizuri, ati aliyekijenga alikuwa fundi hodari, jina lake hili hapa. Jana bibi alipapasa karatasi akasema, "Shabani ametuweka mahali tusipotee." Zuhura akatoka nje.

Sikuombi tena useme ulikosea. Hukukosea. Kuna saa natamani baba yako angeziacha zile mbao Gikomba, ukabaki chini ya meza unakanyagwa. Nimeandika hivyo na sifuti, maana kumbe wewe husemi ila kweli, basi na mimi niwe nayo yangu moja.

Ninachotaka ni uje kabla ya Ijumaa. Nyundo ya baba yako iko juu ya kabati. Misumari aliyoigonga yeye uing'oe wewe, usimwachie mtu baki. Na kabla ya kugusa ubao wowote umshike bibi mkono, umwambie wewe mwenyewe ni kwa nini anahamishwa na utamlaza wapi. Zuhura amekataa kumwambia. Mimi nimejaribu mara tatu, nikifika mlangoni nauliza kama anataka chai. Siku ile ya kupima nilikushikia ncha ya kamba. Hii ya sasa ishike wewe.

Kama huji, usinyamaze. Neno moja tu linatosha, nitalisoma mwenyewe, ila nilipate kabla ya Alhamisi. Na baridi ya huko usiidharau, ile sweta ya kijani ivae hata kama imebana.

Mashuka bado nayaanika mbele ya kiraka kila asubuhi. Mama Akinyi ananitazama, anaendelea na mboga zake.

Shabani, nguo zinanyeshewa. Jibu upesi.

Ni mimi mama yako mzazi