Mwanza Mara Sita na Nusu

Chamazi, 12 Mei 2025

Mwanangu Najma,

Assalam aleikum. Natumai u mzima, na baridi ya huko imepungua. Sie wazima, ila nyumba imekuwa kubwa.

Uliomba tukusubiri uuone uso wa baba yako kabla ya kufungwa sanda. Ba'mdogo wako Badru akaniuliza safari kutoka Vancouver ni saa ngapi. Nikamwambia ishirini na nane. Baba yako alifariki alfajiri, akazikwa baada ya sala ya Ijumaa, na mie nilikubali. Maiti hasubirishwi, unajua.

Badru anasema ulikuwa umeshafika uwanjani ukasikia tumezika, ukarudi na begi lako. Hilo linaniuma. Umekula?

Mama yako

Vancouver, 29 Mei 2025

Mama,

Shikamoo. Meseji zako zote nimezisoma. Mie mzima. Miguu yako je?

Nilikuwa kwenye foleni ya mizigo. Dada wa kaunta akauliza, "Dar es Salaam?" nikavuta begi langu nikatoka. Nije kufanya nini sasa? Kilomita elfu kumi na tano, mama, kuangalia kitanda kitupu. Mmeshindwa kunisubiri siku moja tu. Mwaka huu sidhani kama nitakuja.

Mwanao

Chamazi, 30 Mei 2025

Najma mwanangu,

Marahaba. Miguu inavimba kidogo kwa kukaa, mengine salama.

Hizo kilomita baba yako alizijua. Ulipoondoka mara ya kwanza, Badru alimtafutia kwenye simu. Dereva wa basi la Mwanza miaka yote ile, akapiga hesabu yake: "Mama Najma, hii ni Mwanza kwenda na kurudi mara sita na nusu! Na hakuna kusimama porini watu wachimbe dawa. Mwanangu anajisaidia wapi?" Nikamwambia ndege ina choo. Akaniambia, "Acha kunidanganya." Hakuamini mpaka ulipokuja likizo ukamhakikishia mwenyewe.

Unakumbuka tulivyokuwa tukija kukupokea mapema mno, ili yeye apate pa kuegesha penye kivuli? Safari hii nisingekuja. Nimo edani, miezi minne na siku kumi, geti hili silivuki. Wewe unaweza kuvuka dunia, mie hata dukani kwa Salma siendi.

Watu wananionea huruma. Mie nawaza hivi: baba yako hakuweza kukusubiri, lakini mie sina pa kwenda. Ukija kesho nipo. Ukija mwezi wa nane nipo, kwenye kiti chake.

Na uso wake niliuaga kwa niaba yetu sote wawili. Nilimwambia, "Najma yuko njiani." Sikujua kuwa utageuza.

Mama yako

Amsterdam, 14 Juni 2025

Mama,

Shikamoo. Nachimba dawa Amsterdam. Choo kipo, kisafi kabisa.

Sikukwambia mapema, niliogopa nisije nikageuza tena. Arobaini itanikuta hapo nyumbani. Ba'mdogo asisumbuke kuja uwanjani, nitachukua bajaji, njia ya Chamazi naijua. Wewe usitoke. Kaa hapo hapo kwenye kiti.

Ulimwambia baba niko njiani. Niko njiani.

Mwanao