Wenye Ufunguo wa Bunge

Tunduma

Shikamoo Shangazi Tusekile,

Mlio wa kiti chako kikikwaruza sakafu ya kanisa pale Hasamba bado haujanitoka. Yule mgeni wa elimu ya mpigakura alikuwa ametueleza kwamba, kwa Katiba yetu, mgombea ubunge lazima apendekezwe na chama. Ukasimama.

“Katiba hiyo anaibadilisha nani, baba?”

“Bunge, mama.”

“Kwa hiyo walioko ndani ndio wenye ufunguo wa mlango?”

Watu walicheka, wewe hukucheka. Ulitaka kugombea bila chama, na sijawahi kuona mtu akizuiwa akabaki mkubwa kiasi kile.

Huku malori yamefunga barabara tangu juzi. Mama kikohozi kimemwacha, amevuka mpaka kwenda Nakonde kumwona dada yake.

Uliniambia nikishika kadi ya chama chochote nisikanyage kwako. Najua hukutania. Kahawa ikiiva nitakuja kuchuma, hata ukinifungia nyumba. Lakini swali lako, Shangazi, linajibiwa ndani ya Bunge tu. Kadi nimechukua, na jana nilirudisha fomu ya kuomba chama kinipendekeze.

Mwanao anayekuheshimu,
Fides