Tetere na Taa wa Tajiri

Dada yangu,

Salamu tele. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Hapa kwa tajiri nalisha tetere kizimbani, na taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, kwenye tangi la kioo. Tetere hugonga waya kutwa. Taa huzunguka kimya, hata ukadhani ameridhika.

Jana nilimwomba tajiri pasipoti yangu. "Uende wapi? Si unakula, unalala?" Akafunga geti.

Leo nimemfungulia tetere. Ameruka ukuta bila kugeuka. Taa sikumgusa, nje ya maji angekufa.

"Nani kafungua?" tajiri akafoka.

"Mimi."

Barua hii anaitoa fundi bomba. Mama mwambie sijambo. Wewe nenda ubalozini, anwani iko nyuma ya karatasi.

Kitinda mimba wenu