Barua Mbili za Tarehe Saba

Jumatatu, 27 Oktoba

Mwezi wa tano katika ofisi ya sheria ya kasino. "Ofisi ya sheria"! Chumba kimoja nyuma ya jiko, kinanuka mafuta ya kukaangia, na sheria yenyewe imo ndani ya kabati lisilofunguka mpaka lipigwe. Wakili, bosi wangu, hulipiga kwa goti ili asichafue kiatu.

Leo kanipa nisome mkataba wa pango. Kurasa arobaini na moja, jambo la maana moja tu: pango linaisha mwisho wa Novemba, na tukitaka kuendelea lazima barua ifikishwe kwa mkono ofisini kwa mwenye jengo kabla ya tarehe nane ya mwezi huohuo. Ikichelewa, jengo linarudi kwa mwenyewe. Nikamuuliza Wakili mbona haijapelekwa tangu Septemba. Akatazama dari. Bwana anasubiri tarehe saba, akasema. Saba ni namba yake.

Namba yake! Mwenye kasino, mtu aliyetajirika kwa kuwacheka wanaoamini namba zao. Kaziba madirisha, kaondoa saa ukutani ili wachezaji wasijue mchana umekwenda wapi — na yeye mwenyewe anangoja siku yenye bahati. Wafanyakazi wanamwita Bwana Saba. Si kwa mapenzi.

Jumatano, 29 Oktoba

Sasa naelewa.

Kikao. Bwana Saba, Wakili, afisa utumishi — mwanamke wa sauti ya asali, anauma na kupuliza — na mimi wa kuandika kumbukumbu. Mpango ni huu. Tarehe saba wafanyakazi wote themanini wapewe barua: mwenye jengo amekataa kuendelea nasi, kazi imekwisha, poleni. Wasaini kwamba hawana madai yoyote. Mlango ufungwe siku kumi, tupake rangi. Kisha wanaotakiwa waitwe tena, na kampuni nyingine, ya shemeji yake Bwana, kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Miaka waliyotumika, kiinua mgongo, likizo — vyote vimefutwa. Kama chaki.

Na mwenye jengo? Hajakataa kitu. Hajaulizwa.

Nikasema — sauti ilitoka nyembamba, naichukia — kwamba sheria haimruhusu mwajiri kuachisha watu kazi kwa sababu ya uongo. Bwana Saba akamgeukia Wakili: huyu binti umemtoa wapi, mbona anaongea kama kitabu? Akacheka. Wakili naye akacheka, nusu sekunde baadaye, kama mwangwi. Halafu akaniambia niandike mimi barua zote mbili, ya mwenye jengo na ya wafanyakazi, kwa kuwa nina Kiswahili kizuri.

"Na tarehe iwe saba," akasema Bwana. "Zote mbili."

Zote mbili! Hata mwizi wa kuku hufuta nyayo zake.

Alhamisi, 30 Oktoba

Nimeziandika. Kwa mwenye jengo: "Tunaomba kuendelea kwa miaka kumi zaidi, pamoja na wafanyakazi wetu wazoefu." Kwa wafanyakazi wazoefu: "Kwa masikitiko makubwa tunawaarifu kuwa mwenye jengo amekataa." Wakili amesahihisha koma mbili. Koma!

Nikikataa hatasaini cheti changu cha mafunzo, na bila cheti siapishwi Januari kuwa wakili. Mwingine angejidharau kwa machozi. Mimi najidharau kwa hoja.

Jumapili, 2 Novemba

Mama Mdogo, mgawa karata palepale kasinoni, hana zamu leo. Kapika, kala, kaosha vyombo. Alipomaliza akapiga kofi moja na kugeuza viganja juu, kulia, kushoto. Hajui kwamba anafanya hivyo. Mgawa karata haruhusiwi kuondoka mezani mpaka apige kofi na kuionyesha kamera iliyo darini viganja vitupu, kwamba hakuiba kitu. Miaka kumi na mmoja. Sasa anaionyesha taa ya jikoni.

Nikamtazama kifundo cha mkono, kimevimba, kafunga kitambaa. Mkono huo ndio ulionisomesha tangu mama afariki. Karata kwa karata, mpaka chuo kikuu.

"Unaniangalia nini, Profesa?"

"Mkono unauma?"

"Mkono wa mtu mzima usipouma, kafa mwenyewe." Akacheka peke yake. Anasema akitimiza miaka kumi na miwili atastaafu, kiinua mgongo chake kitafungua duka la vitambaa. Keshachagua na rangi ya mlango. Kijani.

Siri za ofisi! Nilikwenda kulala saa mbili kama mtoto aliyevunja sahani.

Jumatano, 5 Novemba

Nimesema nusu. Nusu ni mbaya kuliko kunyamaza.

Nilimwambia, ukiletewa karatasi kazini usisaini mpaka niisome. Akaweka chini kikombe. Kwani karatasi gani? Nikasema siwezi kueleza.

"Nimekusomesha ili uje unifundishe kushika kalamu?"

"Mama Mdogo, huyo bwana si mtu mwema."

"Huyo bwana ndiye aliyenunua jeneza la mama yako. Ulikuwa mdogo, hukumbuki."

Nakumbuka vizuri sana. Alikuja na mpiga picha.

"Mbao," nikasema. "Alinunua mbao."

Alikwenda chumbani akafunga mlango taratibu, na utaratibu ule ulinipiga kuliko kofi. Nina shahada ya sheria na ulimi wa mlevi. Ningeweza kumweleza kila kitu kwa sentensi tatu. Badala yake nilichagua sentensi moja nzuri.

Ijumaa, 7 Novemba

Naandika kwenye benchi, mapokezi ya ofisi ya mwenye jengo. Saa tisa na dakika kumi na tano. Hapa saa ipo ukutani, kubwa kama sinia, tena inapiga kelele. Ofisi inafungwa saa kumi. Katibu kaenda kula, mlinzi ananiambia atarudi, dada, yule hula polepole.

Niandike yaliyotokea.

Zamu ya mchana huingia saa sita; leo wameitwa wote themanini. Mlangoni kila mmoja hutia simu na saa ya mkononi katika kikapu, ndiyo kawaida. Leo, kikapu kilipojaa tu, afisa utumishi akawapanga foleni: barua, kalamu, saini hapa. Hakuna aliyeweza kumpigia mtu simu. Nilijaribu simu ya Mama Mdogo mara tisa. Ilikuwa ikilia kikapuni, hatua ishirini kutoka kwangu — niliisikia! Nilipotaka kutoka, Wakili alikuwa mlangoni. Usijiharibie, akasema. Kwa upole. Upole wake unanuka peremende.

Saa nane afisa utumishi akaja na rundo la fomu. Themanini kasoro tatu. Akawa anamsimulia Wakili, anacheka: yule mama wa meza ya nne, huyo alikuwa wa kwanza. Akasema ndugu zake wanamwambia asisaini, lakini yeye hamkimbii mtu aliyemzikia dada. Kasaini, kapiga kofi, kaonyesha viganja! Foleni nzima ikacheka, na yeye mwenyewe akacheka.

Niliitafuta fomu yake. Ni saini ileile iliyokuwa kwenye ripoti zangu zote za shule, na mkia wake mrefu wa mwisho.

Kisha Bwana Saba akanipa bahasha yenye nakala mbili za barua, mwenyewe, mkono wa kulia. Mpelekee mwenye jengo, rudi na nakala yenye muhuri. Akanipiga bega. "Saba, binti. Utajifunza."

Njiani niliwaza kuitupa mtaroni. Nisiifikishe! Jengo limponyoke, saba yake imtokee puani. Nimefurahia wazo hilo mitaa miwili mizima. Lakini basi uongo ungekuwa kweli: pango limekwisha kweli, watu themanini wako nje kweli, na barua niliyoandika haina kosa. Ningemsafisha.

Saini iliyopatikana kwa uongo haimfungi aliyesaini. Hilo nalijua, nililifanyia mtihani. Kinachotakiwa ni ushahidi kwamba siku walipoambiwa "amekataa", mwenye jengo ndiyo kwanza anaombwa. Muhuri, na tarehe.

Kwa hiyo nimesimama dukani nikarudufu barua. Sasa ninazo tatu. Moja inabaki hapa, moja inarudi kwa Bwana Saba. Nikikutwa na ya tatu, cheti hakuna, kiapo hakuna. Siri ya mwajiri imetoka, na Wakili ndiye atakayeandika malalamiko, na koma zake zote mahali pake. Na Mama Mdogo huenda asiipokee. Huenda anirudishie na kusema, hizi nazo ni mbao?

Saa tisa na dakika arobaini. Katibu karudi, anajifuta mdomo. Mwanamke mnene, miwani kwenye mnyororo. Kasoma barua mpaka mwisho, kasema mmeandika vizuri. Kafungua kidau cha wino.

Kagonga ya kwanza. 7 NOV. Kagonga ya pili, kanisogezea.

Ya tatu naishikilia. Naandika kwa mkono mmoja. Kanyoosha kiganja, kisha ananitazama juu ya miwani.

"Ya tatu ni ya nani, mwanangu?"