Ufunguo Nimeuharibu Mimi, Baba Mkwe Anajilaumu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako maana hapa nilipo sina mbele wala nyuma, nikimtazama mke wangu naona aibu, nikimtazama baba yake naona aibu mara mbili, na balaa lenyewe lilianzia kwenye breki za gari.

Mimi ni mchonga funguo, nina kibanda changu nyuma ya soko. Mke wangu ana gari dogo, anapeleka watoto shule kisha anakwenda zake kazini, anashona sare za wahudumu wa hospitali. Baba yake ni fundi magari, mtaa mzima unamwita Fundi Taratibu, na tangu mama mkwe afariki tunaishi naye, chumba chake ni kile cha uani. Huyu mzee si fundi wa kubahatisha. Karibu kila anayeshika spana mtaani kwetu amefundishwa naye, na wateja bado wanamfuata, wiki ileile aliyotufungia breki sisi alifunga pia za gari linalobeba watoto wa chekechea, na mwenye gari alimshukuru mpaka akamshika mikono yote miwili. Nakueleza haya ili ujue namzungumzia mtu wa heshima gani. Gari la binti yake halijawahi kuguswa na mkono mwingine.

Basi akabadilisha pedi za breki za mbele, na siku ya kwanza tu mke wangu akaniambia pedali imekuwa laini, anakanyaga mguu unazama kama anakanyaga godoro, na gurudumu la kushoto linalia. Mzee alipoambiwa akasema, "Pedi mpya hizo, mwanangu, lazima zilie kidogo mpaka zizoeane na diski. Taratibu." Kesho yake kule kulia kukageuka kusaga, chuma kwa chuma, hata jirani akachungulia dirishani, na mzee akaingia chini ya gari akatoa upepo kwenye mafuta ya breki, gurudumu lenyewe hakulifungua. Kisha ikaja siku mke wangu anashuka mteremko wa hospitali na watoto wetu kiti cha nyuma, taa zikawa nyekundu, akakanyaga, gari likaendelea, likavuta upande mmoja, likaja kusimama katikati ya kivuko cha waenda kwa miguu, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akalipiga boneti kwa kiganja. Alirudi nyumbani akatusimulia. Baba yake akamwambia, "Unakanyaga kwa woga. Breki inataka mguu wa uhakika." Mshauri, mke wangu alilia, akaamini kwamba ni yeye asiyejua kuendesha.

Mzee alipokwenda mazishini nikapiga jeki, nikafungua gurudumu. Rimu ilikuwa na vumbi la chuma linalong'aa, kama lile linaloanguka kwenye mashine yangu ya funguo. Pedi ya ndani ilikuwa imefungwa kinyume. Upande wa bati ndio ulioikabili diski, upande wa kushika diski umegeukia nyuma, na diski imechimbika mistari unayoweza kuingiza ukucha. Nikakaa chini palepale. Ndipo nilipokumbuka kwamba siku hizi mzee anamimina chai pembeni ya kikombe, nati anaisogeza mpaka puani ndipo aitambue, na kuendesha ameacha, anasingizia magoti. Baba mkwe wangu haoni, mshauri, na hataki tujue, au labda hata mwenyewe hajajiambia.

Sasa ningefanya nini? Kumwambia mkwe wako kwamba kazi imemshinda ni kumvua nguo mchana kweupe. Kumwambia mke wangu ni kummaliza, maana kwake hakuna fundi duniani ila baba yake. Kulipeleka gari kwa fundi mwingine, wote ni wanafunzi wake, habari ingefika nyumbani kabla yangu. Na kuliacha litembee siwezi, ni watoto wangu. Nikarudisha gurudumu, nikachukua ufunguo wa gari, nikaenda nao kibandani, nikasaga meno mawili, kidogo tu, asiyeijua kazi hii hawezi kuona, nikaurudisha msumarini pake. Asubuhi ufunguo ukagoma kuzunguka. Nikashusha pumzi, nikasema angalau hakuna atakayekufa wakati natafuta maneno.

Sikujua nimejitia wapi. Mzee hakukubali gari lisimame. Ametoa kifuniko cha chini ya usukani, amefungua swichi ya kuwashia, amefunga, amefungua tena, anashinda humo na hapati ugonjwa kwa sababu ugonjwa haumo. Juzi akanipa ufunguo wenyewe, akasema, "Mkwe, hii kazi yako. Hebu utazame, usije ukawa wenyewe ndio mbovu." Nikauinua kwenye mwanga, nikaugeuza huku na huku, nikamwambia, "Mzima, Baba." Na ufunguo mzuri, ule wa akiba niliochonga bila kumwambia mtu, uko mfukoni mwangu hata sasa ninapoandika.

Jana nilimkuta amekaa kiti cha dereva, mlango wazi, miguu nje, chakula chake hakijaguswa. Alikuwa akimwambia binti yake, "Kichwa kinaniacha, mwanangu. Kitu nimekifanya umri wangu wote, leo nakitazama sikijui." Mke wangu akamshika mkono, wakalia wote wawili. Nami nikapita kama sikusikia, nikaingia bafuni, nikakaa humo bila hata kufungua maji. Kula siwezi, kusema siwezi, na kila ninapochelewa kusema kunazidi kuwa kugumu. Nifanye nini?

Mkwe Mwongo

Mshauri anajibu:

Pole, mkwe. Nimekuonea huruma, lakini huruma yangu ina fimbo, na nitaanza na jambo ambalo wewe mwenyewe hukuniuliza.

Gari la chekechea umeliandika kama sifa ya mzee. Mimi nimelisoma kama hatari. Macho ni yale yale, kazi ni ile ile, wiki ni ile ile. La wanao umelizuia, la watoto wa wenzio linapita barabarani. Nilipiga namba ya simu uliyoandika chini ya barua, haikupokelewa. Basi weka gazeti chini, nenda kwa mwenye gari, mwambie alisimamishe na magurudumu yafunguliwe na fundi mwingine kabla mtoto yeyote hajapanda. Sema tu kwamba pedi zenu zilifungwa kinyume na unahofia zake. Ukimaliza, uje uendelee kusoma.

Kuhusu lenu. Pedi mpya kulia kidogo siku za mwanzo, hilo hutokea. Kusaga ni jambo jingine, na pedali inayozama au gari kuvuta upande ni amri ya kusimama, hata kama unakwenda dukani hapo tu. Diski iliyochimbika haifai tena, zibadilishwe zote mbili za mbele pamoja na pedi, na fundi aangalie kama mafuta ya breki hayavuji. Akishafunga, pedali ikanyagwe mara nyingi mpaka iwe ngumu, ndipo gari liondoke, polepole, mahali pasipo na watu. Usijaribu kufunga wewe. Umeshaharibu vya kutosha kwa ujuzi wako wa funguo.

Halafu mkeo. Mwanamke ameogopa, amelia, ameitwa mwoga, nawe, pedi umeshaiona kwa macho yako, umemwacha aamini ni mguu wake. Mwambie ukweli leo na umwombe radhi. Na hilo la kwamba utammaliza, wacha. Ameshamwona baba yake akilia.

Sasa mzee. Wewe unaiita heshima, mimi naiita woga. Mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii kifo kingeweza kumuumbua mtoto wa mtu. Keti naye uani, mchana, wawili tu. Mpe ule ufunguo wa akiba mkononi kwanza, umwambie, "Baba, swichi haina ugonjwa, ufunguo niliuharibu mimi." Kisha umweleze ile pedi ulivyoikuta imekaa. Usizunguke na usitafute maneno matamu, kwa sababu hayapo. Akikutukana, nyamaza. Akihama chumba, mpelekee chakula huko alikohamia.

Baadaye mpelekeni kwa daktari wa macho, wewe na binti yake. Huenda ni mtoto wa jicho na anatibika. Huenda siyo, na kazi ya breki kwake ndiyo imekwisha. Hilo siwezi kukupambia.

Lakini macho kuchoka, watu wazima hulia, hununa, kisha huzoea. Wewe ulitaka kumficha hilo, na sasa mzee wa watu amekaa mbele ya swichi isiyo na ubovu akiamini amerukwa na akili. Macho yake si kosa lako. Hilo la akili umempa wewe, nenda ukamwondolee leo.