Ugoro Nimeacha, Kazi Siachi

Mwembesongo, Morogoro

Kaka yangu mpendwa, Katekista Alfonsi,

Shikamoo. Nakuamkia kwa heshima ile tuliyofundishwa misheni, nikitumaini kwamba kifua chako kimetulia, na kwamba nyumba za kijiji chenu kipya cha ujamaa zimekwisha kuezekwa. Mimi ni mzima, ila magoti hayapatani na ubaridi unaoshuka kutoka Uluguru. Uniwie radhi kwa kuchelewa kukujibu. Barua yako niliisoma nikailalia, kwa kuwa sikupenda kukuandikia nikiwa na hasira.

Ulisema kwamba kazi yangu hapa chuo cha kilimo ni kuchanganya alivyotenganisha Mungu, na kwamba nisipoiacha hutaruhusu nizikwe kule mahameni, kijijini kwetu kwa zamani, ubavuni mwa marehemu mke wangu Yustina. Naomba basi uisikie kazi yenyewe.

Natunza miche katika nyumba ya vioo. Kabla ya kuingia tunanawa kwa sabuni hadi viwikoni, na mtumiaji wa tumbaku haruhusiwi kugusa mche, kwa maana ugonjwa wa tumbaku huweza kujificha hata ndani ya ugoro, ukapanda vidoleni. Ndiyo sababu mimi, niliyenusa ugoro tangu ujana, nimeuacha. Wanafunzi hawaniamini.

"Mzee Damasi, hebu tukague mifuko!"

"Nuseni mikono yenu kwanza, nyie wavuta sigara," huwajibu.

Miezi kadhaa iliyopita mwalimu wao alisaga jani gonjwa la tumbaku, akalipaka juu ya mche wa nyanya. Haukupita muda mrefu, nyanya nayo ikatoka mabaka. Kisababishi chake huitwa kirusi, kitu kidogo kisichoonekana hata kwa hadubini zetu. Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, kikihama hivyo, hakiwezi kubeba na urithi wa tumbaku, zile sifa inazorithisha mbegu zake, kikautia kwenye nyanya?"

"Wako wataalamu wanaodhani kwamba yawezekana," akasema. "Kirusi kinyofoe kipande cha urithi wa mmea mmoja, kikipachike katika mwingine usio ndugu yake. Lakini sisi hapa hatujaona. Tukisema tumeona, tutakuwa waongo."

Nami nikadakia, "Basi uzio wa Muumba kati ya mmea na mmea uko wapi?"

"Hilo, mzee, kamuulize kaka yako katekista!" mwalimu akanijibu.

Wakacheka wote, nami nikacheka. Nikakuandikia kwa furaha. Ukanijibu kwa hukumu.

Nisamehe, kaka, lakini sikubali. Ikiwa virusi hubeba urithi, vilianza kuubeba kabla misheni haijajengwa, wala havikuningoja mimi ninawe mikono. Aliyeviumba anavijua.

Tena mkumbuke Yustina. Hakuwa wa ukoo wetu. Alikuja na vipando vya muhogo wa kwao amevifunga katika kanga, na namna ya kwao ya kuunga kisamvu kwa karanga. Leo wajukuu zako, wasio na tone la damu yake, hawajui kisamvu kingine. Je, naye alivunja uzio? Ulikula, kaka, ukaomba kuongezwa.

Kwa hiyo kazi siachi. Na pale mahameni nitalala, kwa sababu nafasi ile niliahidiana na mke wangu, si na wewe. Ukitaka kunizuia, itakubidi uniwahi ulale hapo wewe. Naomba radhi kwa kulisema, lakini silifuti.

Nisalimie shemeji, mpishi wako mvumilivu. Pia dada yetu anayeuza katika duka la ushirika. Na mzee mpiga kengele wa kanisa, ikiwa bado anasikia.

Barua hii inaletwa na Bernadeta, binti yako mwenyewe, anayefundisha hapa mjini na sasa yuko likizo. Nimempa na jembe jipya. Nimemwagiza apalilie kaburi la mama yake mdogo, kisha apalilie na upande wa kushoto, mahali pangu.

Mdogo wako, mtiifu katika mengine yote,
Damasi